Barua za Kwenye Droo

Jumatatu, 3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Mwanao anakusalimu, yuko pale pale posta, kwenye kuchambua barua, na wenzake bado wanamwita Stempu. Barua yako ya mwezi uliopita ilifika salama. Nakushukuru kwa ushauri wote: niache kazi ya simu, nisilie, nisikasirike, nisisikilize habari mbaya, nilale mchana na nisinyanyue hata ndoo. Nimeuzingatia.

Mimba imeingia mwezi wa sita na mtoto anacheza vizuri. Kliniki wamesema presha yangu imepanda kidogo, si ya kutisha, ila nirudi kila wiki wanipime. Mkunga wa pale ni mama mmoja mfupi, anaongea taratibu kama mtu anayehesabu mayai. Ananifundisha kupumua na kutuliza moyo. Kwa vile mwaka jana yalitokea yale yaliyotokea, hataki nijibebeshe mambo.

Kazini niko bado kituo cha zimamoto, kwenye meza ya simu za dharura. Ni kazi ya kukaa, Mama, usiwe na wasiwasi. Najua simu hazikufai kwa sababu ya masikio, kwa hiyo nitaendelea kukuandikia.

Ni mimi mkweo mtiifu,
Mke wa mwanao


Jumatatu hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni
(Ya droo)

Mama,

Barua hii hutaisoma, ndiyo maana naiandika. Dawa hii kanipa mkunga. Kasema: ukiwa na neno la kumwambia mtu na huwezi, liandike lote, usilipambe. Tia kwenye bahasha, andika anwani, funga kwa gundi, ili moyo nao uamini kwamba umesema. Weka kwenye droo. Siku ya tatu uichane. Nikamwambia, mbona huo mchezo wa watoto? Akasema, "Mficha uchi hazai, binti yangu. Jaribu, halafu uje tupime."

Haya, najaribu.

"Nimeuzingatia." Nimezingatia nini mimi? Nisilie, nisikasirike! Mama, mimi ni mtu au ni kabati? Unaijua kazi yangu lakini? Mtu anapiga simu jiko limeshika moto, anapiga makelele mpaka sauti inamkauka, na mimi kazi yangu ni kumshusha. Tuna maswali matatu tuliyofundishwa siku ya kwanza. Uko wapi? Unaona nini? Nani yuko na wewe? Unauliza moja moja, sauti chini, na huulizi la pili kabla hujajibiwa la kwanza. Mtu anayetafuta jibu hawezi kupiga kelele vizuri. Mzee mmoja nilimtoa kwenye ghorofa lililojaa moshi kwa maswali hayo tu, ngazi baada ya ngazi, mpaka nikasikia gari likipita upande wake, nikajua kafika barabarani.

Halafu nafika nyumbani, naona bahasha yenye mwandiko wako, naizunguka meza nzima kabla sijaigusa. Moto wa watu nauzima, wa kwangu nauogopa.

Na kila mtu ananiambia tulia, tulia. Hakuna binadamu aliyewahi kutulia kwa kuambiwa tulia! Kazini kwetu neno hilo ni marufuku.

Ah. Nimepumua. Mtoto kageuka upande. Kumbe na yeye alikuwa anasubiri nimalize.

Mkweo asiye mtiifu


Jumapili, 9 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba. Barua yako ya tarehe tatu nimeipata. Imenyooka kama shati la bwana harusi. Nimeigeuza mbele na nyuma kutafuta mkunjo, sikuuona. Mwandiko ni wako, ila wewe mwenyewe sikukukuta humo.

Unasema ni kazi ya kukaa. Mimi nilisimama miaka ishirini na sita kiwanda cha nguo, kwenye mashine za kufuma, na masikio yangu nikayaacha huko huko. Najua kazi inachukua nini kwa mtu. Nasema tena, acha. Na usilie. Machozi na hasira si vitu vya kuchezea ukiwa na mtoto tumboni. Mwaka jana tumeona.

Nimeanza kumfumia mgeni blanketi. Ni la manjano, kwa sababu uzi uliokuwepo ndio huo.

Mama mkwe wako


Ijumaa, 14 Machi
(Ya droo)

Mama,

"Mwaka jana tumeona." Tumeona nini? Sema basi!

Hutaki, nitasema mimi. Mwaka jana nililala hospitali, kitanda cha dirishani, mtoto wa miezi mitano keshatoka na hakupumua. Ukaingia na kikapu chako. Ukasimama miguuni pa kitanda, ukasema maneno manne: Ulikuwa na hasira sana. Kisha ukakaa, ukamenya chungwa, ukanipa. Mpaka leo sili machungwa.

Ni kweli nilikuwa nayo. Asubuhi ile niligombana na mwanao kwa sababu ya bomba la jikoni lililovuja. Bomba, Mama! Nikaubamiza mlango. Jioni damu ikaanza. Hakuna aliyeniambia kwamba ni mimi niliyesababisha, si daktari, si mume wangu. Ni wewe tu. Nami nikakuamini haraka, kwa sababu nilikuwa natafuta wa kumlaumu na mimi nilikuwa karibu.

Kwa hiyo siku hizi sigombani na mtu. Nameza tu. Bomba lile lile linavuja na mimi namwambia mwanao, "hamna shida, mume wangu." Jana presha imefika mia na hamsini kwa tisini na tano. Mkunga kasema nikija wiki ijayo na kipimo hicho, daktari atanilaza, na wakilazimika watamtoa mtoto kabla ya wakati. Bado mdogo mno. Ana wiki ishirini na tano.

Mkunga kanifundisha kutafuta jina la ninachohisi, nisiseme "sijisikii vizuri" na kuishia hapo. Nimelitafuta. Si hasira. Ni hofu. Naogopa nitampoteza na huyu, halafu nitainua macho nikuone umesimama miguuni na kikapu chako.

Ya kwanza sikuichana. Iko bado kwenye droo. Na hii naona sitaichana.

Mimi


Jumatatu, 17 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Bahasha mbili utakazopokea pamoja na hii yangu ni za mke wangu. Nilikuwa natafuta bisibisi nirekebishe bomba, nikazikuta kwenye droo: zimefungwa vizuri, anwani yako imekamilika, stempu hamna. Maskini, uchovu wa mimba, hata kubandika stempu kasahau. Na mimi unanijua, bahasha iliyofungwa ikilala bila kutumwa, chakula hakishuki. Nimezibandika na kuzitia mwenyewe kwenye mfuko wa asubuhi.

Nimefurahi sana kuona mnaandikiana hivi. Kazini nawaambia, mama na mke wangu hawana neno.

Mwanao


Jumanne, 18 Machi
(Haraka)

MAMA, USIFUNGUE.

Nakuomba kwa heshima zote. Zikifika bahasha mbili zenye mwandiko wangu, zitie jikoni, ziungue. Hazikuwa za kutumwa. Ni dawa ya kliniki, mtu anaandika halafu anachana. Mwanao kanieleza leo wakati wa chai, anatabasamu, anasubiri nimsifu.

Nilimpigia kelele, Mama. Kelele za kweli, mwaka mzima wa kelele, mpaka jirani akaja mbio na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua. Kisha nikashtuka, nikashika tumbo, nikakaa chini kusubiri balaa. Mtoto akanipiga teke. Akanipiga la pili. Basi, hakuna kingine kilichotokea.

Tafadhali usifungue.

Mkweo


Jumatatu, 24 Machi

Mwanangu,

Barua yako ya "usifungue" imefika siku moja baada ya zile mbili. Nimeifungua na yenyewe, zisioneane wivu.

Nimezisoma nimekaa, kisha nikasimama nikazisoma tena. Hizi sasa zina mikunjo! Huyu ndiye mkwe niliyekuwa namtafuta ndani ya lile shati. Na nimekubali, wewe si kabati.

Sasa nisikilize, maana na mimi ninayo droo yangu, ila hakuna aliyewahi kunipa karatasi. Kabla ya mume wako kulikuwa na mtoto mwingine. Mumeo mwenyewe hajui. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mimba ya miezi sita, nimesimama kwenye mashine. Siku hiyo nilirushiana maneno na nyapara kwa ajili ya uzi mbovu aliotuletea, nikachukua gurudumu la uzi nikamtupia, likamkosa padogo tu. Siku ya tatu mtoto akatoka, kimya. Mama mkwe wangu akaja hospitali. Akasimama miguuni pa kitanda. Akasema: Ulikuwa na hasira sana.

Maneno hayo hayo. Nimekaa nayo miaka thelathini na minane. Nilipokuona umelala pale dirishani mdomo ukafunguka wenyewe yakatoka, kama kuku waliofunguliwa banda. Sikukusudia kukulaumu. Nilikuwa najiona mimi kwenye kile kitanda. Lakini wewe ulikuwa umelala na mimi nimesimama, na katika mambo haya mwenye kosa ni aliyesimama. Nataka neno hili ulione likiwa peke yake:

Nisamehe.

Ijumaa nilichukua barua yako nikaenda nayo kliniki ya hapa mtaani. Foleni ya wajawazito, na katikati bibi wa miaka sitini. Walinitazama wee mpaka nikajishika tumbo kuwachekesha. Nikafika kwa nesi, binti mdogo, nikamwambia niandikie kwenye karatasi maana sisikii: hasira ya mama inaua mtoto tumboni? Akaandika. Nikamwambia bado kuna swali la pili. Na miaka thelathini na minane iliyopita, ilikuwa inaua? Akaweka kalamu chini. Akanishika mkono. Kisha akaichukua tena.

Kikaratasi chenyewe kimo humu. Nilitaka kubaki nacho, ila mwenye presha ni wewe. Ukimaliza nirudishie.

Jambo moja nitakufundisha na mimi, nisishindwe na huyo mkunga wako. Kiwandani uzi ukikatika, msichana mgeni huuvuta. Akiuvuta anakata na mingine kumi. Anayejua kazi anasimamisha mashine, anatafuta ncha mbili, anafunga fundo, anawasha. Ukumbi mzima unaendelea kunguruma, na wala hajali. Wewe simamisha mashine yako tu. Za wengine waachie wenyewe.

Na barua za droo usizichane. Nitumie. Nitukane, ila kwa mwandiko unaosomeka.

Mama


(Kikaratasi, kalamu nyekundu)

Hapana, mama. Hasira, kilio, ugomvi, kubamiza mlango: haviui mtoto. Mimba nyingi huharibika kwa sababu ambazo mama hakuzifanya na asingeweza kuzizuia. Tunamfundisha mama kutuliza moyo ili apumzike, alale, na presha isimsumbue. Si kwa sababu ana hatia.

Wala wakati ule, mama. Haikuwa wewe.


Alhamisi, 10 Aprili

Mama,

Nimekaa na kikaratasi chako wiki nzima. Nilikisoma mara ya kwanza nimesimama mlangoni, na viatu miguuni. Nililia mpaka kwikwi, Mama, nikalia na kucheka. Kisha nikala, nikalala usingizi ambao sijaulala tangu mwaka jana. Mume wangu nimemsomea nusu ya juu tu. Nusu ya chini ni yako, utamwambia mwenyewe siku ukitaka. Hiyo nusu ya juu ilimtosha. Alilia, akapiga chafya, halafu akasema kitu kama hiki hakikupaswa kutumwa kwa barua ya kawaida. Ndiyo maana umerudishiwa kwa barua ya rejista, ukakisainia. Mimi nimebaki na nakala.

Umesamehewa. Nimelitafuta neno jingine la kuongeza, sikulipata.

Sasa habari. Jana presha: mia na thelathini kwa themanini na nne! Mkunga akaipima mara mbili, akavua miwani. Nilimwambia kuhusu kikaratasi na kuhusu Stempu na droo yangu, akacheka mpaka akaegemea mzani. Kasema hajawahi kuona dawa yake ikitumwa kwa posta.

Nimesimamisha mashine, Mama. Nilimwendea msimamizi wa zamu, yule tunayemwita King'ora kwa sababu hajui kuongea kwa sauti ndogo. Zamani ningemwambia "hamna shida". Nikamwambia, "Siwezi kupokea simu za moto mpaka nijifungue. Naweza kufundisha wapya." Akanguruma. Nikamuuliza, sauti chini: uko wapi? Akasema, "Ofisini." Unaona nini? "Namwona... mjamzito." Nani yuko na wewe? Akaanza kucheka mwenyewe. Tangu Jumatatu nafundisha wapya sita, na King'ora ananiletea kiti chenye mto.

Mkunga kanipa pia saa ya wasiwasi. Kila siku saa kumi na moja jioni nakaa kwenye kigoda cha jikoni, dakika kumi na tano, nahofia kila kitu kwa mpangilio. Wasiwasi ukija saa nne asubuhi naujibu, rudi jioni, ofisi imefungwa. Juzi nilikaa kwenye kigoda nikakuta sina la kuhofia, nikachambua mchele.

Na nimegombana na mume wangu kuhusu bomba. Tumegombana vizuri sana. Bomba limepona.

Nimekula chungwa, nusu.

Mwanao mwingine


Jumanne, 20 Mei

Mama,

Hii nakuandikia bila kupiga pasi. Presha imepanda tena. Nimepumua nne kuingia na sita kutoka, nimelala ubavu wa kushoto, nimekaa kigodani, nimegombana, nimelia, nimefanya yote, na imepanda tu. Nilimwambia mkunga nimefeli. Akaniangalia kwa ukali ambao sikujua anao. "Kwani nilikupa mtihani? Presha nyingine haiulizi umetulia au hukutulia. Hiyo ni kazi ya daktari. Yako ni kujua uko wapi."

Daktari kasema ananilaza. Mtoto akitimiza wiki thelathini na saba watanianzishia uchungu, tarehe nne Juni. Ni mkubwa wa kutosha, moyo wake unadunda vizuri, nimeusikia kwenye spika: unakimbia kama mtu anayewahi gari.

Hofu ninayo. Nimeipa jina lake, nimeipa na kiti ikae. Lakini haiendeshi nyumba.

Mama, njoo. Uje na kikapu. Ulete na machungwa.

Mwanao


Jumatatu, 26 Mei

Mwanangu,

Nashuka kituo cha mabasi Jumamosi saa nane mchana. Mwambie mume wako asije na maua, aje na mikono, nina mizigo. Blanketi limekwisha, manjano tupu, mgeni akilichukia atajijua.

Sitasimama miguuni.

Mama


Jumapili, 20 Julai

Mwanangu,

Nimefika salama. Nyumba imenuna kwa kuachwa wiki saba, nimeifungulia madirisha.

Nina ombi. Siku ile chumbani mimi niliona kila kitu na sikusikia hata kimoja. Nimeona midomo inafunguka, nimeona jasho, nimemwona mjukuu wangu anatoka mwekundu kama pilipili, vyote kimya, kama ninatazama kupitia kioo. Siku zote nilizokaa kwenu nilitaka kukuuliza na nilikuwa naona aibu. Niandikie sauti. Zote, hata za kipuuzi. Usizipange.

Mama


Jumatatu, 28 Julai

Mama,

Mtoto kalala, nina dakika ishirini. Nakupa sauti.

Kulikuwa na kitoroli chenye gurudumu moja bovu, kinalia kwii, kwii, kila kikipita. Kulikuwa na mashine ya moyo wa mtoto, ile ya kukimbia. Kulikuwa na ndala za mkunga. Nje ya mlango alikuwepo mume wangu, anahesabu pumzi zangu kwa sauti, nne kuingia, sita kutoka, na alikuwa anakosea, anafika mpaka nane. Nilitaka kumkosoa nikakosa pumzi.

Mpaka adhuhuri nilikuwa najiweza. Uchungu ukija nasimamisha mashine, ukipita nawasha. Halafu ukaja ule usiopita. Nikaanza kusema siwezi, siwezi, kwanza polepole, kisha kwa makelele. Mashine inalia, kitoroli kwii, mtu anaita nesi, na daktari kijana akaniinamia akasema, "Tulia, mama, tulia." Nilichomjibu sitakiandika, hata kwenye barua ya droo. Mkunga alitazama dari.

Wewe hukusikia hayo. Ulikuja tu. Ulipita miguuni, ukazunguka kitanda mpaka kichwani kwangu, ukanishika mashavu, ukasema kwa midomo bila sauti, kama mlivyokuwa mkisemeshana na wenzako katikati ya ngurumo za mashine: Uko wapi?

Chumba kizima kilikuwa kelele, na wewe peke yako ulikuwa kimya. Ilibidi nikutazame ili nikuelewe. Nikajibu kwa midomo: Hapa. Ukangoja. Hukuuliza la pili mpaka ulipoona la kwanza limefika. Unaona nini? Nikasema: Wewe. Ukauliza la tatu nami sikujibu, nilikukamata mkono. Nadhani bado una alama za kucha zangu. Maswali yangu ya kazini, Mama! Nilikuandikia mara moja tu, kwenye barua ambayo hukupaswa kuisoma.

Hapo ndipo hofu iliponyanyuka kwenye kiti chake ikatoka nje. Sikutulia lakini, usidhani. Nilikasirika. Nilimkasirikia yule nyapara wako, na mama mkwe wako, na bomba, na kila mtu aliyewahi kusimama miguuni pa kitanda cha mwanamke akamwambia neno. Nikapiga yowe mpaka wagonjwa wa chumba cha pili wakakaa kitako. Nikasukuma kwa hasira yote niliyoimeza mwaka mzima, na ya kwako ya miaka thelathini na minane juu yake. Mkunga alikuwa anapiga kelele "Hivyo hivyo! Hivyo hivyo!" na nje mume wangu alikuwa ameacha kuhesabu, anaita "Mama! Mama!" sijui wa nani.

Kisha kukawa kimya. Kimya hicho hukukisikia, na nashukuru. Kilikuwa na urefu wa pumzi moja ya nne.

Halafu kikohozi kidogo, kama cha mtu anayeomba nafasi ya kuongea kwenye mkutano. Na akalia. Sauti yake ni nene, Mama, ya kukwaruza, ya mtu anayedai haki yake. Ilijaa chumba, ikatoka mpaka ukumbini. Daktari kijana akacheka. Wakamlaza kifuani kwangu, na wewe ukaweka kiganja mgongoni mwake, ukafumba macho. Nesi akataka kukuonyesha kwa ishara kwamba mtoto analia. Nikamzuia. Uso wako ulikuwa unasikia.

Na wewe ulicheka, Mama. Sijui kama unajua. Ulicheka kwa sauti kubwa ajabu, na hiyo ndiyo sauti ya mwisho ninayoikumbuka.

Anaamka. Nimalizie hapa.

Nilikuwa na hasira sana, Mama. Na binti yetu akatoka analia.

Mwanao


Jumanne, 5 Agosti

Mwanangu,

Nimesoma barua yako mpaka karatasi imelainika kama leso. Kile kitoroli nilikiona, sikujua kama kibovu. Hicho kicheko nilikihisi kifuani, nikadhani ni kikohozi.

Mume wako nilimwambia ile nusu ya chini, siku ya kuanika nepi, wewe umelala. Akabaki ameshika kibanio mkononi. Akaniuliza mtoto alikuwa nani, wa kike au wa kiume. Nikamwambia wa kike. Unamjua mume wako, swali lililofuata likawa, "Una anwani yake, Mama?" Nikacheka, nikalia, tukaanika nepi zote.

Kikaratasi cha nesi nimekipigilia ukutani kwa misumari minne. Kiko miguuni pa kitanda changu, pale pale watu wanaposimama. Nikiamka nakisoma kabla sijashusha miguu chini.

Na jana nimemwandikia binti yangu. Kurasa nne, mikunjo mitupu. Nimemwambia nilikuwa na hasira sana siku ile, na nilikuwa na haki nayo, uzi ulikuwa mbovu. Nimemwambia haikuwa mimi. Nimemweleza kuhusu mjukuu wangu mwenye sauti nene. Kisha nimeifunga kwa gundi nikaitia kwenye droo. Bahasha haina anwani, kwa hiyo hata mwanangu akija kutafuta bisibisi, safari hii hataweza kuituma.

Mbusu mdai haki. Nakuja tena mwezi ujao, na kikapu.

Mama yako